Mvule wa Mjomba na Biti Zilizokufa Kabla ya Adhuhuri

Katika karakana za Kibuye, mjini Kisumu, heshima ya fundi hupimwa kwa wingi wa watu wanaomsimamia akifanya kazi, na asubuhi ile mjomba wangu aliposhusha mbao zake za mvule zilizotoka Siaya, nilikuwa fundi mwenye heshima kuliko wote. Alikuja na mzee wa kanisa, binamu zangu na majirani ambao sijui waliingiaje katika msafara. Mbao zilikuwa za mti ulioangushwa bomani kwake, na zilitakiwa kugeuka mimbari yenye kingo zilizoviringwa.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “chini ya mti huu wazee wameamua kesi za ng’ombe na za wake. Usiuharakishe.”

Nilifunga kwenye ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kingo za mbao, biti ya chuma, yaani kisu chake kinachozunguka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Ilianza kwa adabu, ikitoa maganda membamba yaliyojikunja, lakini kabla sijafika nusu ya ubao wa kwanza mvumo wake ukageuka kilio, moshi ukapanda, na ukingo wa mbao ukawa mweusi. Mama anayepika chai mlangoni kwetu, ambaye kila harufu ya kuungua hapo Kibuye husingiziwa yeye, alitoka mbio na kutangaza kwamba mandazi yake yalikuwa bado hayajaingia kwenye mafuta.

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Fundi jirani alisema biti ni bandia. Mjomba alisema mti umekasirika. Mzee wa kanisa, ambaye hakutaka habari za miti inayokasirika, aliamuru tufumbe macho tuombe. Sala ilikuwa ndefu, ikapitia wagonjwa, wasafiri na serikali ya kaunti, na wakati huo kijana ninayemfundisha kazi, ambaye ana desturi ya kuomba huku jicho moja likiwa wazi, aliitoa ile biti kimya kimya na kufunga nyingine mpya yenye makali ya kabaidi. Tuliposema amina nikawasha ruta, ikakata mvule kwa ulaini kabisa. Kelele za haleluya zilisikika hadi barabarani. Kijana alinitazama, nami nikamtazama, na hatukuona sababu ya kuwaharibia watu ibada.

Kabaidi ni mchanganyiko wa chembe ngumu za tangsteni na kaboni zilizogandishwa pamoja kwa kobalti, na makali yake hudumu mara nyingi zaidi ya yale ya chuma. Hata hivyo, ina maadui wawili, nao ni joto na kishindo, na mjomba wangu alikuwa balozi wa wote wawili. Joto alilileta kwa heshima: kila niliposukuma ruta kwa mwendo wake, alinishika bega na kunong’ona, “Polepole, baba, polepole.” Sasa, biti yenye upana wa milimita 50 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao matatu za Busia hazijaufikia ingawa madereva wamejitahidi. Biti pana kama hiyo hupunguziwa mizunguko hadi karibu nusu, nami nilikuwa nimeipunguza. Lakini hata hivyo, ukiikawiza mahali pamoja inaacha kukata na kuanza kusugua, vumbi linatoka laini kama unga badala ya maganda, na joto ambalo lingeondoka na maganda linabaki kwenye makali. Utomvu nao unaungua na kuganda hapo, msuguano unazidi, joto linazidi. Haya yote nilimweleza mjomba. Aliniitikia vizuri sana, kisha akanishika bega tena.

Kishindo kikaja chenyewe. Tak! Ruta iliruka mikononi mwangu, nikaizima na kuchomoa waya. Nilipofungua biti kwa spana na kitambaa, mjomba alinyoosha mkono ili aione kwa karibu, na kabla sijamaliza kusema “ina moto” alikuwa ameishika, ameiachia, ameita jina la marehemu bibi yangu, na biti ilikuwa imetumbukia ndani ya kikombe changu cha chai. Ikatoa mlio wa “shii” na povu dogo la kahawia. Kabaidi iliyopata moto haipendi kupozwa ghafla. Nilipoiopoa kwa kijiko, pembe moja ilikuwa imemeguka kwa kile kishindo, na pembe ya pili ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, uliopatikana chaini.

Nilichukua patasi na kuchokoa pale ruta iliporukia. Ndani ya mbao, bila alama yoyote juu, kulikuwa na jiwe jeupe lenye ukubwa wa punje ya hindi. Mvule una tabia hiyo: hasa pale shina lilipojeruhiwa zamani, hujiwekea kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya mawe ya chokaa, na hakuna jicho la fundi linaloiona kabla msumeno au biti haijaigonga. Hata pasipo jiwe kubwa, chembe ndogo za namna hiyo husaga makali taratibu, na sina shaka kwamba ndizo zilizoimaliza ile biti ya chuma mapema hivyo.

Mzee wa kanisa alifurahi kuona kwamba mti haukuwa na hasira. Mjomba alifurahi zaidi, akalipangusa jiwe kwa shati na kulitia mfukoni.

“Limetoka kwenye mbao zangu,” alisema, “kwa hiyo ni mali yangu.”

“Ni kweli, Mjomba,” nikamjibu, “na biti lilizoziua ni zako pia.”

Tulibishana hadi saa za chakula, huku umati ukigawanyika pande mbili kama mkutano wa kampeni. Mwishowe alikubali kulipa ile ya kabaidi. Ile ya chuma alikataa katakata, kwa hoja kwamba ilikufa kabla ya maombi. Chai nililipa mwenyewe.