Utosi Wangu na Jua la Oktoba

Jioni ya kuamkia Siku ya Nyerere nilikwenda kwa kinyozi nikamwagiza aninyoe kipara, kwa kuwa kesho yake, Jumatatu ya 14 Oktoba, familia yetu ilikuwa na safari ya kisiwa cha Mbudya, nami sikuona sababu ya kwenda kuogelea na nywele. Tulipokuwa Kunduchi tukisubiri boti, mke wangu alinipa kofia ya ukindu. Nilimrudishia, nikamfafanulia kwamba kuungua jua ni maradhi ya watalii na kwamba ngozi kama yangu ilikwisha kupatana na jua tangu enzi za mababu. Hakubishana nami, aliivaa yeye.

Nisichokizingatia ni kwamba ngozi iliyopatana na jua ilikuwa ya uso na mikono, ilhali utosi wangu ulikuwa haujaonana nalo tangu nilipomaliza darasa la saba. Isitoshe, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana huwa karibu wima kabisa, hata kivuli cha mtu hujikunyata miguuni pake. Nilikaa majini kwa muda wa saa nne kama kiboko, kichwa peke yake kikiwa juu, na kwa sababu upepo ulikuwa mwanana na mawingu mepesi yametanda, sikuhisi chochote. Miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza, haihisiki kama joto, wala mawingu ya namna ile hayaizuii sana. Weusi wa ngozi huipunguza makali, lakini hauifukuzi.

Usiku, nilipolaza kichwa kwenye mto, niliruka kama mtu aliyelalia jiko la mkaa.

Jirani yetu, fundi seremala mwenye tiba ya kila kitu isipokuwa madeni yake, alisikia kelele akaja na ushauri kwamba kidonda cha moto hakina mbabe zaidi ya dawa ya meno. Nilimaliza tyubu nzima. Kwa dakika tano hivi ule ubaridi wa mnanaa ulinifanya nimwone kuwa daktari bingwa. Kisha dawa ikaanza kukauka na kuvuta ngozi, joto likabaki limefungiwa ndani, na kila nilipoinua nyusi nilisikia utosi ukipasuka kama udongo wa kiangazi. Nililala nimekaa.

Alfajiri ilipigwa hodi. Alikuwa mama mkwe, aliyetoka Mbagala kwa daladala ya kwanza na kapu la maembe ya mjukuu wake. Sikuwa na pa kujificha. Niliinama kwa adabu zote nikasema, “Shikamoo, mama,” na papo hapo kipande cheupe chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano kikabanduka utosini na kutua juu ya embe. Alikiokota, akakinusa.

“Marahaba, baba. Kichwa nacho kimeota meno?”

Kwetu mkwe hasogelewi hata kwa kiti kimoja, lakini asubuhi ile niliketi kwenye kigoda huku mkwe wangu akikishika kichwa changu kama anayechagua boga sokoni. Aliosha ile dawa kwa maji ya kawaida, kopo baada ya kopo, akakataa barafu ambayo mke wangu alikuwa ameitoa kwenye friji, kwani barafu nayo hujeruhi ngozi. Kisha alikata jani la mshubiri uliokuwa kwenye ndoo kuukuu barazani, mmea ambao nilikuwa nimepanga kuung’oa, akalisimamisha kwenye kikombe mpaka ule utomvu wa njano unaowasha ukachuruzika wote, ndipo akakwangua ute wake mweupe kwa kijiko na kunipaka. Nilimeza vidonge viwili vya parasetamo, nikaamriwa kunywa maji mengi. Fundi aliporudi na sindano ya kutumbua malengelenge, alifukuzwa kabla hajafika kizingitini.

Maumivu yalitulia, ila Jumatano ilinibidi nirudi kazini. Mke wangu alisema kofia ya ukindu si yangu tena. Fundi, kwa kujutia tyubu yangu, aliniazima kofia yake nyeupe ya viua, ambayo kwa vile vitobo vyake vya kupitisha hewa niliiona inafaa kuliko zote. Mlinzi wa getini alinipokea kwa “Assalaam alaykum, Ustadhi,” nami nikaitikia, kwa kuwa kueleza kungechukua muda.

Ijumaa, saa sita na robo mchana, wenzangu wawili wa uhasibu walisimama mlangoni, mikono ya mashati wameikunja tayari kwa udhu, wakinisubiri. Mimi ni mwimba besi wa kwaya ya kanisa. Nilivua kofia ili nijieleze, na feni ya darini ikazipeperusha ngozi zilizokwisha kubanduka hadi kwenye faili lililokuwa limefunguliwa mbele ya mkuu wetu wa idara.

“Pole sana, Ustadhi,” akasema mmoja wao, akanirudishia kofia kichwani taratibu.