Muvi za wanyama wauaji: kuna ubovu, na kuna ubovu

Bajeti ndogo haijawahi kuua muvi ya mnyama muuaji. Kinachoiua ni kujichekesha.

Chukua Night of the Lepus ya 1972, ya sungura wakubwa wanaokula watu. Walichukua sungura wa kawaida, wakawaachia kwenye nyumba na barabara ndogo za kuchonga, wakawapiga picha kwa kasi ili zikichezwa kawaida wanyama waonekane wazito. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: ukitaka sungura aonekane mkubwa mara 9, kasi ya kamera izidishwe mara 3, kutoka picha 24 kwa sekunde hadi 72. Kamera ikae chini kabisa. Taa ziwe nyingi, tundu la lenzi libanwe, mbele na nyuma vionekane vizuri; nyuma kukififia tu, mtazamaji anajua hiki ni kijumba cha kuchonga. Ufundi walikuwa nao. Wakaangushwa na sungura mwenyewe, maana hata umpake damu mdomoni, bado unatamani kumpa mchicha.

Birdemic ya 2010 ni mbovu kuliko hiyo. Ndege wa kompyuta wanaelea hewani sehemu moja, hawana kivuli, mwanga wao hauendani na jua la picha, na watu wanapigana nao kwa henga za nguo! Kivuli chini, mwanga wa upande mmoja, mnyama apite walau nyuma ya mti: hayo yangeokoa nusu ya aibu. Lakini mwongozaji, James Nguyen, alimaanisha kila alichokitengeneza, ndiyo maana watu wanairudia.

Sharknado ya 2013, ya kimbunga kinachobeba papa, inajua kwamba ni upuuzi na inakukonyeza muda wote. Ndani ya kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, cha Manzese au Mbagala jijini Dar es Salaam, nusu ya utamu ni DJ anayetafsiri: anampa papa jina la mwenye nyumba mkorofi, anamkaripia steringi anayekwenda gizani peke yake. Muvi ikishajitania yenyewe, DJ abaki na nini?

Wa Bongo anayetaka kutengeneza ya mamba wa Rufiji asihangaike na mamba mzima. Papa wa mashine wa Jaws, 1975, alipoharibikaharibika kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg alimwonyesha kwa mapipa yanayoburutwa majini. Tengeneza mgongo tu, wa godoro lililochongwa na kupakwa rangi, ufunge mawe chini usibinuke, uvutwe kwa kamba jioni maji yakiwa meusi. Godoro hunyonya maji, kwa hiyo lifunikwe nailoni kabla ya rangi, la sivyo litazama kabla mwigizaji hajamaliza kupiga kelele.