Kiama Mwaloni

Shemeji yangu alitoka Dodoma, ametumwa na dada aje anisaidie kuanika dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Msaada wenyewe ulikuwa kusimama kivulini akipiga picha ziwa. Ilikuwa msimu wa giza, mwezi hauonekani, dagaa wanafuata taa za wavuvi, kwa hiyo nyavu zangu za kuanikia zilikuwa zimejaa hadi pembeni.

Mara ziwani likainuka wingu jeusi, refu kama moshi wa shamba linalochomwa, nalo linakuja. Wenyeji tukaanza kufunika mali zetu bila maneno. Ni wadudu wa ziwani hao. Wanakulia kwenye tope la chini, kisha wanaibuka kwa mamilioni, mara nyingi mwezi unapoandama. Hawaumi. Wanaingia tu popote penye tundu.

Nani alikumbuka kumweleza shemeji?

"Kiamaaa!"

Akatimka juu ya dagaa wangu, wavu ukamnasa mguuni, akaondoka nao. Na sokoni mtu akikimbia haulizwi, anafuatwa. Mbeba mizigo akabwaga gunia, muuza uji akaacha sufuria jikoni.

Aliyebaki ni mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa dagaa wa kuku (na wa mkopo). Akainua bakora.

"Kiama ni neno la Kiarabu, asili yake kusimama! Wafu watasimama! Sasa nyie mnakimbia nini? Semeni maanga..."

Wingu likamkuta katikati ya neno. Alitema mpaka akachoka. "Kenya na Uganda wapo wanaowakanda wakawala," akasema, nadhani akijifariji.

Shemeji nilimkuta kajibanza chini ya mtumbwi uliopinduliwa, wavu bado mguuni, macho kayafumba, simu mkononi. Kumbe alishamtumia dada ujumbe wa kuagana: anampenda, amsamehe, na ile laki mbili ya kikoba haikuibiwa stendi, aliila yeye.

Upepo ukageuka, wingu likaelekea mjini. Dagaa wangu nusu mchanga, nusu wadudu. Ndiyo kwanza naanza kupiga hesabu ya hasara, simu ya shemeji ikaita. Hakupokea. Ikaita tena. Mwalimu akainama, akachungulia jina kwenye kioo, kisha akamgonga kidogo begani na bakora.

"Sasa hapo neno limekaa mahali pake. Simama, baba, upokee."