Dunia imeisha, petroli haijaisha

Mimi sina ugomvi na mazombi wa kwenye muvi za mwisho wa dunia. Ukiniambia kirusi kimemaliza watu na waliobaki wanatafunana usiku, nakubali, naenda zangu kuongeza chai. Ugomvi wangu uko kwenye petroli.

Nina jenereta, ile ndogo ya kuvuta kamba. Niliinunua kipindi cha mgao nikaapa sitakaa gizani tena. Mgao ukaisha, nikaitupia stoo, juu yake ndoo, juu ya ndoo mkeka. Imekaa huko miezi 8. Juzi Jumamosi umeme ukakatika, nikaitoa kwa mbwembwe mbele ya familia, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nikavua shati. Mwanangu wa pili alikuwa anahesabu kwa sauti, alipofika 40 mama yake akamwambia basi, inatosha.

Fundi kaja Jumapili asubuhi, wala hakuuliza swali. Kafungua kabureta, kaninusisha: mafuta yananuka kama vanishi, chini yameganda utomvu. "Mzee, petroli hii imelala," akasema. Kumbe ukiiacha muda mrefu, ile sehemu yake nyepesi inaruka na hewa, inayobaki inageuka gundi na kuziba vitundu. Nikamtolea elfu 25 huku naangalia pembeni.

Usiku uleule shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akaja na flashi imejaa muvi. Ya kwanza I Am Legend, ya mwaka 2007. Kirusi kimesafisha New York, steringi ni Will Smith, amebaki na mbwa wake, miaka 3 imepita. Na jamaa anafukuza kulungu katikati ya jiji kwa Mustang nyekundu, inakata kona utadhani imetoka bandarini jana. Nyumbani kwake jenereta zinafanya kazi, taa zinawaka.

Nikasimama. "Nani anamsafishia kabureta?"

Sebule nzima kimya.

"Mafundi wote si wamegeuka mazombi? Petroli ya miaka 3 hiyo!"

"Shemeji, yule ni daktari wa jeshi," mdogo mtu akanijibu. "Ana akili sana."

"Daktari wa watu. Kabureta si mtu."

"Baba, kaa chini," mama watoto akasema, "unaziba tivii."

Nikakaa. Na haki ya mtu nampa: barabarani majani yameota, hapo walifanya kazi. Ile tamthilia ya The Walking Dead iliyoanza 2010 ndiyo ilinimaliza, unakuta maiti zinatembea, serikali haipo, na nyasi za mbele ya nyumba zimekatwa usawa mmoja kama uwanja wa mpira. Mimi hapa na uhai wangu wote, masika wiki mbili tu, uani kwangu kuku anapotea.

Ya pili ikawa The Book of Eli, ya 2010, Denzel Washington. Vita imeteketeza kila kitu, yeye anabeba kitabu kukipeleka magharibi, na anatembea mwaka wa 30 sasa. Nikachukua kalamu. Marekani kutoka pwani mpaka pwani ni kama kilomita 4,500. Ukitembea 20 kwa siku, tena polepole, na Jumapili unapumzika, mwaka hauishi umeshafika na umeshapata chumba cha kupanga.

"Shemeji," dogo akaninong'oneza, "lakini si unajua yule alikuwa haoni?"

Nikanyamaza. Hiyo nikamwachia.

Lakini iPod sikumwachia! Miaka 30 baada ya vita ana iPod inaimba masikioni, betri ikiisha anaipeleka kwa fundi mjini inachajiwa. Betri ya simu yangu ina miaka 2, imevimba kama andazi, kioo kimenyanyuka upande mmoja, nikipigiwa naongea nayo kwa mbali. Halafu anatoa kile kipakiti cha kitambaa chenye maji wanachokupa kwenye migahawa ya kuku, anachana, anajifuta. Bado kibichi! Vile vitambaa vya mtoto hapa ukisahau kufunika pakiti usiku, asubuhi unamfuta na karatasi.

Ya tatu ndiyo sikuiweza kabisa. Waterworld, 1995, Kevin Costner. Barafu yote imeyeyuka, dunia nzima maji, nchi kavu imebaki hadithi. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka bahari inapanda kama mita 70. Ni balaa, sikatai, Kariakoo tungeuza maduka kwa wavuvi. Ila Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ningepanda basi. Na Kilimanjaro mita 5,895 imezamia wapi? Halafu humohumo majini, watu wanakunywa mkojo uliochujwa kwa kukosa maji ya kunywa, maadui wanavuta sigara kutwa nzima, kavu, zinawaka vizuri tu. Tena wanakimbiza pikipiki za majini. Zinatumia nini? Petroli!

"Dogo, rudisha nyuma hapo," nikamwambia, "nataka kuona wanapojazia."

Akashika rimoti, na palepale paaa, giza. Mtaa mzima.

"Haya shemeji," sauti ya dogo ikatoka kwenye kochi, "kabureta si safi sasa? Washa."

Kabureta ilikuwa safi, ing'arayo. Tenki ndilo lilikuwa jeupe. Fundi alimwaga mafuta yote yaliyolala, na ile elfu 25 ndiyo ilikuwa hela ya kununua mengine. Nikabaki napapasa meza kutafuta kiberiti.

"Mpigie Will Smith," mama watoto akasema gizani. "Atakuazima lita mbili."