Mwachieni mtoto mapigo manne

Muhula wa tatu ukifika ukingoni, pita mitaa ya Nairobi kama Umoja, Donholm au Kayole saa nne asubuhi, utasikia spika kabla hujaona shule. Watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wako kwenye mazoezi ya mahafali. Wimbo uliorekodiwa unapigwa, watoto wanafungua midomo, mwalimu yuko mbele akiwaonyesha mkono wa kuinua na mguu wa kurusha, na anayerusha mguu mwingine anavutwa pembeni. Hivyo wiki nzima, pengine mwezi. Siku yenyewe ikifika ni majoho, kofia na wazazi wameinua simu juu, halafu tunaambiwa shule inakuza vipaji. Inaniudhi sana. Mtoto aliyemaliza chekechea bila kutunga hata mdundo mmoja wa kwake amefundishwa kutii spika, basi.

Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kote nchini Kenya mwaka 2019, ubunifu uliwekwa miongoni mwa umilisi wa msingi. Kwenye karatasi hakuna ubaya. Shida iko darasani: mwalimu ameambiwa awaache watoto watunge, lakini hajaonyeshwa namna. Anawaambia watoto arobaini, "Haya, tungeni wimbo," nao wanamkodolea macho, kwa kuwa uwanja aliowapa ni mpana mno.

Upunguze. Anza na mapigo manne ya makofi: mwalimu anapiga, darasa linaitikia vilevile. Mwendo uwe wa haraka kidogo, karibu mapigo 120 kwa dakika. Ukienda polepole kama mtu mzima, watoto watakutangulia na mdundo utavunjika. Mdundo ukishatulia, darasa zima lipige manne, kisha linyamaze manne, na katika nafasi hiyo mtoto mmoja apige anachotaka: makofi, mapaja, kidole kwenye shavu. Darasa linarudi na manne yake, zamu inahamia kwa jirani. Hakuna kusimamisha, hakuna "umekosea".

Wakishazoea, ongeza sauti mbili tu, noti za so na mi, zile zile ambazo watoto huitana nazo kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Kwa sauti mbili mtoto anaimba jina lake, alichokunywa asubuhi, rangi ya sweta yake. Noti ya la inafuata, kisha ndipo do na re. Huko Hungaria, walimu waliofuata njia ya Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki, walipanga mafunzo kwa mfuatano wa namna hiyo, na watoto wetu hawako mbali nao. Tazama mchezo wa nyama nyama uani: kiitikio hakibadiliki, lakini kiongozi anabuni mnyama wake papo hapo. Kutunga wanakujua. Sisi ndio tunawanyamazisha wakiingia darasani.

Zoezi hili huharibiwa mara nyingi na mwalimu mwenyewe. Mtoto akisita kwenye zamu yake, mwalimu anarukia kumsaidia, anampigia, anamnong'oneza. Hapo darasa zima limejifunza kwamba kuna jibu sahihi na mwalimu ndiye analo. Acha mapigo manne yapite matupu, zamu iendelee. Mzunguko ukimrudia, mara nyingi atapiga hata pigo moja, na pigo hilo ni lake.

Sauti nazo. Tafadhali tuache kuwaambia watoto "pazeni sauti!" Wanachopaza ni kelele: shingo inakaza, mishipa inatoka, ulinganifu unapotea, na Ijumaa nusu ya darasa imekauka sauti. Waambie waimbe huku kila mmoja akimsikia jirani yake. Wimbo uanzie re iliyo juu ya do ya kati (D kwenye kinanda), usizidi sana noti ya la (A). Ukikosa kinanda, programu ya piano ya bure kwenye simu inatosha. Mwalimu mwanamume akiimba kwa sauti yake nzito, wadogo wengi watashuka kumfuata na kuishia kunguruma, kwa hiyo aanzishe kwa sauti nyembamba au mtoto mwenye sauti imara aanzishe.

Ala hazihitaji bajeti. Chupa ya plastiki ya nusu lita, punje zisizofika robo yake. Ukijaza zaidi hazina pa kurukia na sauti inakufa. Mchele unatoa mlio laini, maharagwe yanagonga, basi watoto wachague wenyewe. Kifuniko kipakwe gundi kisha kizungushiwe selotepu, na kikaguliwe kila wiki, kwa sababu punje huingia puani na kooni. Ndoo ya rangi ya lita 20 ni ngoma nzuri ikipinduliwa, lakini inyanyue ukingo mmoja kwa jiwe. Ikikaa bapa sakafuni inabweka tu. Chini ya mabati, ala sita kwa zamu zinatosha watoto arobaini, na zigawiwe mwisho, mikono ikiwa tayari inaujua mdundo.

Dakika kumi kila siku zinashinda kipindi kirefu cha mara moja kwa wiki.

Nakubali, jukwaa lina nafasi yake. Mashindano ya muziki ya shule yapo tangu 1927 na yamelea waimbaji wengi wazuri. Lakini kwaya nyingi huko zina wanafunzi wakubwa na walimu wa muziki. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kukimbilia huko.

Walimu wakuu, kama ni lazima mahafali yawepo, tengeni dakika tano kwenye ratiba. Zimeni spika, ondoeni maikrofoni. Watoto wakae duara wakiwatazama wenzao, migongo kwa wazazi, wapige manne na kuachiana manne. Wazazi waelezwe mapema kwamba hakuna aliyefanya mazoezi ya zamu yake, na kwamba mtoto akinyamaza, mtu asimwite jina kutoka kwenye viti wala kumpigia makofi ya kumhurumia. Darasa linajua la kufanya.