Ndizi za Tukuyu hazina kosa

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mapema, baridi ya Julai ikiuma masikio. Mama ninayenunua kwake ndizi akanichagulia chane iliyoiva vizuri, akasema, "Beba hizi dada, zina homoni ya furaha. Zinaondoa mawazo." Habari hiyo kaisikia kwenye sauti inayosambaa WhatsApp. Nikalipa, nikasema ndaga, yaani asante, nikaondoka.

Hiyo "homoni ya furaha" ni serotonini, na kwenye ndizi mbivu ipo kweli. Shida ni safari. Ukiila haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, kuna kizuizi. Ubongo hujitengenezea yake kwa triptofani, kijenzi cha protini ambacho hata maharage na mayai yanayo. Tena karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, inasaidia kusukuma chakula. Mwitaliano Vittorio Erspamer aliikuta huko huko kwenye utumbo miaka ya 1930. Mwaka 1948 Wamarekani wakaipata kwenye damu, wakaipa jina serotonini kwa sababu iko kwenye majimaji ya damu na inabana mishipa. Betty Twarog ndiye aliyeionyesha kwenye ubongo, 1953. Furaha haikuwemo kwenye hesabu.

Mimi hilo neno "homoni ya furaha" linanikera. Kwenye ubongo serotonini ni mjumbe. Seli ya neva inaimwaga kwenye upenyo mwembamba, inanasa kwenye vipokezi vya seli ya jirani, kisha iliyoimwaga inaifyonza tena. Vipokezi vyenyewe ni aina zaidi ya kumi, na kila kimoja kinausikia ujumbe kivyake. Ni kama mama yako akisema "haya": inaweza kuwa ruhusa, inaweza kuwa kwaheri, inaweza kuwa umeshaharibu na fimbo inakuja. Ndiyo maana kemikali hiyo hiyo inagusa usingizi, hamu ya kula, kichefuchefu na hali ya moyo.

Naandika haya kwa sababu ya mdogo wangu. Mwaka jana alianzishiwa vidonge vya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, vile vinavyozuia ule ufyonzaji ili serotonini ikae zaidi kwenye upenyo. Dirishani pa dawa aliambiwa "kimoja kila asubuhi", basi. Siku ya tisa akaviacha mwenyewe. Tumbo linamchafuka, moyo mzito vile vile, na shemeji yetu anamwambia hizo dawa za wazungu, kula ndizi.

Hakuna aliyemwambia kwamba ufyonzaji huanza kuzuiwa tangu vidonge vya mwanzo, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Na hapo ndipo hadithi ya "umepungukiwa serotonini" inaponishinda. Ingekuwa ni upungufu tu, kama gari lililoishiwa mafuta, angeamka mzima wiki ile ile. Kuna kitu kinachobadilika taratibu, kwenye vipokezi na jinsi seli zinavyoungana, na wanasayansi bado wanabishana. Dawa inaweza kumsaidia mtu bila maelezo ya mtaani kuwa ya kweli.

Alirudi kwa daktari, akaanza upya. Wiki ya sita nilimkuta nyuma ya nyumba anapigilia bawaba za banda la kuku, mlango uliokuwa unaning'inia tangu Pasaka. Hakusema chochote kuhusu hali yake. Aliniomba misumari.

Ndizi naendelea kununua kwa yule mama. Asubuhi mdogo wangu anakula mbili, halafu anameza kidonge chake.