Kwa nini nimeacha kudarizi tausi

Foronya nne za mama yangu ziko kabatini kwangu hapa Uyole. Alizidarizi Tukuyu kabla hajaolewa, kila moja ikiwa na tausi wawili wanaotazamana na waridi jekundu katikati yao. Rangi imepauka, lakini hakuna uzi uliochomoka. Nilijifunza kazi hii kwa kunakili tausi hao, na tangu darasa la sita nimewaweka kila mahali: mashuka ya mabibi harusi, vitambaa vya makochi, vitambaa vya kufunikia redio. Mwaka jana niliwaacha. Wenzangu wengi wameniuliza sababu, na majibu ya kwenye simu hayajatosha.

Niseme kwanza ni kazi gani ninayoizungumzia, maana huku kwetu neno "kufuma" limemeza kila kitu. Ukifuma kwa kroshia, kitambaa kinazaliwa mkononi mwako. Kudarizi ni kuchora kwa sindano juu ya kitambaa ambacho tayari kipo.

Naipenda zaidi Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapotuingiza ndani mapema. Uzi wa kudarizi una nyuzi nyembamba sita zilizolala pamoja. Unakata kipande cha kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Ukizidisha, unajisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Halafu unachomoa nyuzi moja moja, polepole, ndipo unaziunganisha mbili au tatu. Ukiwa na haraka ukazivuta mbili kwa mpigo, zinafungana fundo. Kitambaa kikiwambwa vizuri ndani ya fremu kinakaza kama ngoma, na kila uzi unapopita kinatoa sauti ndogo ambayo sijachoka kuisikia. Jambo likinisumbua, huketi nalo hapo. Nikifika jani la tatu au la nne, limeshapungua uzito.

Tabu zake nazo zipo. Vidole vikifa ganzi, mshono unalegea bila wewe kujua. Umeme ukikatika, kazi ya rangi imeishia hapo, kwa sababu chini ya chemli huwezi kutenganisha kijani na bluu. Uzi mwekundu wa bei rahisi unachuja. Uliwahi kuniharibia shuka zima jeupe siku moja kabla ya kulikabidhi, na nililia. Siku hizi kila uzi mwekundu nauloweka kwanza. Kuhusu bei sitasema mengi. Shuka la wiki tatu linalinganishwa na la mashine lililoletwa na lori kutoka Dar es Salaam, na kila anayedarizi anaijua hiyo habari.

Tabu tusiyoitaja kabisa ni mchoro. Michoro yetu inazunguka kwa kaboni, au kwa karatasi iliyopakwa mafuta ili ionyeshe kilicho chini yake. Mama alinakili kwa rafiki, rafiki kwa shangazi yake, na kila nakala ilipoteza kitu. Mguu wa tausi wa mama umekuwa kama uma. Hakuna aliyeliona kosa hilo kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumtazama tausi wa kweli. Na sindano haidanganyiki hapo. Unapojaza unyoya au petali kwa mshono laini, lazima ujue kila mshono ulale upande gani, utoke wapi na ukomee wapi. Kitu usichokijua unakibahatisha, na kazi inatoka bapa, hata kama mkono wako ni hodari.

Niliyatambua haya Umalila, kwenye shamba la pareto la shemeji yangu. Nilichuma ua moja nikalitazama kama ninayeliona kwa mara ya kwanza. Petali 21 nyeupe, kila moja na vijifereji vinavyotoka kwenye shina hadi ncha. Katikati ni njano iliyojaa vijitundu vidogo vidogo, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya dawa ya kuulia wadudu. Nikajua papo hapo namna ya kulidarizi: kila petali kitanzi kimoja cha mshono wa mnyororo, na katikati mafundo, uzi ukizungushwa mara mbili kwenye sindano.

Petali nyeupe hazionekani kwenye shuka jeupe, kwa hiyo nilinunua kaniki. Niliifua mpaka maji yakatoka safi. Kaboni haionekani kwenye kaniki, basi nikachora kwenye karatasi nyembamba, nikaishikiza kwa bandi, nikapitisha mishono midogo juu ya mistari, kisha nikaichana karatasi yote. Kazi hiyo ya kuandaa tu ilikula siku mbili. Lakini zile pareto juu ya weusi wa kaniki! Mteja mmoja kutoka Makete alizigusa kwa kidole akasema, "Dada, hii si pareto ya kwetu?" Aliomba punguzo kama wengine wote, ila alitaka vitambaa vinne.

Mama hakufurahi. Alikigeuza kitambaa, akakagua nyuma kama kawaida yake, akaridhika na mshono. Halafu akasema, "Tausi ni heshima ya bibi harusi, mwanangu. Pareto ni shamba."

Neno hilo nililibeba kwa majuma mengi. Mama amechuma chai tangu akiwa mtoto. Kwake yeye mmea ni mgongo unaouma, kilo za kupimwa jioni na mvua ya Rungwe isiyokuwa na huruma. Kitambaa ndicho kilichokuwa mahali pake pekee pasipokuwa na shamba. Tausi hakuwa ujinga wala uigaji, alikuwa mapumziko. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia watu kwamba mama zetu walinakili tu. Nayafuta maneno hayo.

Hata hivyo sijarudi kwa tausi. Bado naamini mkono unafanya vizuri zaidi kwa kitu ambacho jicho limekishiba. Nilichofanya ni kutafuta maua ya kwetu ambayo hakuna aliyeyalimia. Desemba nilipanda kwa njia ya Isyonje hadi Kitulo, ambako wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua ndiyo sababu kubwa ya kuhifadhiwa kwake. Kuanzia Novemba hadi Aprili uwanda wote unachanua, na humo zimo aina nyingi za okidi. Okidi hizo zina adui: viazi vyake vya chini ya ardhi vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa hadi Zambia, vinakotengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Nilikaa chini kwenye ukungu na penseli, sikuchuma hata jani, nikachora hadi vidole vikakataa.

Nilipomwonyesha mama mchoro wa okidi, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hili nani amelipanda?" Nikamwambia hakuna. Akaleta miwani yake ili anione nikianza, na rangi ya petali alichagua yeye.

Tumefika pale petali ya chini inapoungana na shina, na nimekwama. Kwenye mchoro wangu jani limepafunika, na picha ya simu inaonyesha kivuli tu. Ningeweza kubahatisha mishono sita na hakuna ambaye angejua. Nimechomeka sindano pembeni ya fremu, na Februari tunapanda Kitulo wote wawili.